Mkono unakufa ganzi usiku: ni damu, ni kiharusi, au ni mshipa gani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 46, niko Morogoro. Tangu Novemba, tulipoanza kushona sare za shule, mkono wangu wa kulia unakufa ganzi na vidole vyote vinachomachoma kama sindano. Naamka saa nane usiku, naukung'uta, ndipo unaachia. Siku hizi hata mchana nikikata kitambaa kizito mkasi unaniponyoka. Wa kushoto ni kidogo tu. Jirani anasema damu haifiki. Shangazi anasema ni dalili za kupooza, maana mama yangu ana presha na kisukari. Duka la dawa walinipa vidonge vya mishipa, nimemeza miezi mitatu, nafuu siioni. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, fundi, na pole kwa usingizi uliokatika miezi yote hiyo.

Nianze na linalokutisha zaidi. Kwa ulivyoeleza, hiki si kiharusi. Kiharusi hakimwamshi mtu usiku baada ya usiku kisha kikaondoka kwa kukung'uta mkono. Huja ghafla, na mara nyingi hushika upande mmoja wa mwili: uso unapinda, mkono ukiuinua unashuka wenyewe, maneno yanakuwa mazito au hayaeleweki. Ukiona hayo kwako au kwa mama, hata yakipita baada ya dakika kumi, msingoje kukuche. Hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile, kwa sababu kinachopita leo kinaweza kurudi kesho na kisipite tena.

Sasa hilo la damu kutofika. Hapa lugha yetu yenyewe inatuponza. Neno mshipa tumelitwisha kila kitu kinachofanana na kamba ndani ya mwili: unaopeleka damu ni mshipa, unaoirudisha ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, kano inayovuta kidole ni mshipa, na mwenye ngiri naye atakuambia ana mshipa. Basi mtu akisema "mishipa yangu imebana", mmoja anaelewa damu, mwingine anaelewa neva, na muuza dawa anatoa alichonacho rafuni.

Kujua kama damu inafika si kazi ngumu. Mkono uliokosa damu huwa wa baridi, hupauka, na huuma hasa ukiutumia. Bana ukucha wako mpaka upauke, kisha uachie. Rangi ikirudi ndani ya sekunde mbili hivi, damu imefika. Bila shaka wako utarudi, maana mkono uliokosa damu miezi yote hiyo usingekuwa unashona sare. Kinacholalamika kwako ni mshipa wa fahamu, neva, ile inayobeba hisia kutoka kwenye ngozi na kupeleka amri kwenye misuli. Umewahi kukaa mkekani umekunja miguu, ukasimama ukakuta mmoja si wako, kisha ukaanza kuchomachoma unapoamka? Neva ikibanwa hunyamaza, ikiachiwa hupiga kelele. Yako inabanwa na kuachiwa kila usiku.

Swali langu la kwanza kwa mgonjwa wa ganzi ni dogo tu: vidole vipi? Umeandika "vyote", na karibu kila mtu huanza hivyo. Nikimwambia aende akaangalie vizuri usiku huo, wengi hurudi na jibu jingine. Kwa hiyo leo weka kalamu kando ya mto. Ukiamka, kabla hujaukung'uta mkono, gusa kidole cha mwisho, kile kidogo. Kina ganzi au kimesalimika? Kisha gusa kidole cha pete ubavu wa huku na ubavu wa huku. Chora kiganja kwenye karatasi na upake wino palipokufa. Mchoro huo utanisaidia kuliko picha ya eksirei.

Sababu ni kwamba mkono umegawanywa kama mashamba yenye mipaka. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete ni vya neva ya mediani. Kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya cha pete ni vya neva ya alna. Ngozi ya nyuma ya mkono, upande wa kidole gumba, ni ya neva ya radiali. Ganzi ikifuata mpaka wa shamba moja, tunajua ni neva ipi, na tukijua neva tunajua mahali pa kuitafuta. Usishangae kuona mpaka ukipita katikati ya kidole cha pete. Ganzi ya nusu kidole haiwi ya damu hata siku moja.

Nakisia kidole chako cha mwisho kimesalimika, na kwamba tatizo liko kwenye kifundo cha mkono. Pale pana handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo 8, dari lake ni ukano mgumu usiovutika. Ndani yake zinapita kano 9 za kukunjia vidole, na katikati ya msongamano huo neva ya mediani. Ni kama daladala ya asubuhi: kumi wamo ndani, hakuna anayeweza kujigeuza, na tisa wanavuta huku na huku kila unapofumba vidole. Kano zikivimba kidogo, au handaki likibanika, wa kwanza kuumia ni neva, kwa kuwa ndiyo laini kuliko wote. Kwenye cheti utaona madaktari wameandika CTS, kifupi cha Kiingereza cha ugonjwa huu wa handaki la kifundo (carpal tunnel syndrome).

Mbona usiku, wakati kazi ni ya mchana? Kwa sababu tukilala tunakunja vifundo vya mikono bila kujijua, wengine huweka mkono chini ya shavu, na kifundo kikikunjwa shinikizo ndani ya handaki hupanda. Tena maji ya mwili yaliyokuwa yameshuka miguuni mchana husambaa tukijilaza. Ndiyo maana kukung'uta mkono kunakusaidia: unakinyoosha kifundo. Ile ishara ya kukung'uta, kama mtu anayepunguza maji mikononi baada ya kufua, tukiiona kwa mgonjwa tunaanza kuelekea huku kabla hajamaliza kueleza.

Kuna jaribio la dakika moja. Kutanisha migongo ya viganja vyako, vidole vikielekea chini, viwiko nje, ukae hivyo sekunde 60. Limepewa jina la Phalen, mpasuaji wa Marekani. Sindano zikianza kwenye vile vidole vitatu na nusu, umeongeza ushahidi. Zisipoanza, ushahidi haujafutika, maana jaribio hilo hukosea pande zote mbili. Jambo moja zaidi la kuangalia: ngozi ya kiganja yenyewe, pale chini ya kidole gumba, kwa kawaida hubaki na hisia, kwa kuwa tawi linaloihudumia hupita juu ya handaki na si ndani. Ganzi ikifika hadi hapo na kupanda mkononi, nitaanza kutazama juu zaidi, kuelekea shingoni.

Kwako sababu zimejipanga. Mwanamke wa miaka 46 yuko katikati kabisa ya umri ambao ugonjwa huu hupenda, na unawapata wanawake kuliko wanaume. Novemba mpaka Januari umekata na kushona sare bila kupumzika, mkasi mzito, kitambaa kigumu, na kama bado unatumia pasi ya mkaa ndiyo kabisa: ni kushika kwa nguvu huku kifundo kimepinda, saa nyingi. Yapo pia mambo ya mwili wenyewe yanayolibana handaki: kisukari, tezi ya shingoni inapofanya kazi pungufu, baridi yabisi, unene, na ujauzito. Mjamzito akipata ganzi hii miezi ya mwisho nisingemwogopesha, kwa wengi huisha yenyewe wiki chache baada ya kujifungua.

Hilo la kisukari nilieleze vizuri, maana umetaja mama. Kisukari huharibu neva, lakini kina mwendo wake. Huanza na neva ndefu kuliko zote, yaani za miguuni. Vidole vya miguu yote miwili hufa ganzi au kuwaka moto, kisha hali hupanda kama mtu anayevaa soksi, na kwa kawaida hufika karibu na magoti ndipo vidole vya mikono vianze. Ganzi iliyoanza kwenye mkono wa kulia huku miguu ikiwa salama haifanani na mwendo huo. Hata hivyo mwenye kisukari hupata ugonjwa wa handaki kwa urahisi kuliko mwingine. Kwa hiyo pima. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi kwa vile vipimo vya mmol/L, na ikarudi hivyo siku nyingine, ni kisukari. Umri wako na historia ya mama vinatosha kukupeleka maabara hata kama mkono ungekuwa mzima. Ukiwa huko, mwambie daktari aangalie na tezi kama unahisi baridi wenzako wakitoka jasho, ngozi imekauka na uzito umepanda bila sababu.

Nije kwenye vidonge vyako. Vingi vya vile viitwavyo vya mishipa ni mchanganyiko wa vitamini B1, B6 na B12. Vinafanya kazi kwa mtu aliyepungukiwa na vitamini hizo. Kwa neva iliyobanwa chini ya ukano mgumu havina la kufanya, kama vile kumwagilia maji mpira wa bustani ambao mtu ameukanyaga. Na kuna jambo ambalo haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi: vitamini B6 ikimezwa nyingi kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva na kuleta ganzi. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 2 kwa siku au pungufu, na baadhi ya vidonge hivyo vina 100 au 200 kwa kidonge kimoja. Soma boksi lako. Miezi mitatu inatosha, acha. Na kama umeanza kuchomwa sindano za maumivu kila wiki, acha pia: hazifungui handaki, na tumbo, figo na presha ndivyo vinavyolipa.

Usinielewe kwamba vitamini hazina maana. Mtu anayemeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka, kama pengine mama yako, anaweza kupungukiwa B12. Vivyo hivyo asiyekula nyama, samaki, dagaa, mayai wala maziwa, kwa kuwa B12 haipatikani kwenye mboga. Na anayetumia isoniazidi, iwe kwa kutibu kifua kikuu au kujikinga nacho, anapaswa kupewa B6 ndogo pamoja nayo, kwa sababu dawa hiyo huimaliza B6 mwilini. Ona kichekesho chake: B6 ikipungua, ganzi, ikizidi, ganzi. Pombe nyingi ya miaka huleta ya kwake, na VVU pia. Wanaokumbuka ARV za zamani zenye stavudini wanajua miguu ilivyokuwa ikiwaka. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iondolewe, na leo malalamiko yale yamepungua. Haya yote hushika pande zote mbili na huanza miguuni.

Sasa tuseme umechora usiku na kalamu ikaniumbua: kidole cha mwisho ndicho kilichokufa na gumba ni zima. Basi tunazungumzia neva ya alna, na mara nyingi inabanwa kwenye kiwiko, pale ukijigonga kona ya meza unaona nyota. Dereva anayeegemeza kiwiko dirishani siku nzima, msichana anayeongea na simu saa nzima mkono umekunjwa, mtu anayelala amekumbatia mto viwiko vimekunjwa kabisa: hawa wote nimewaona. Mwendesha baiskeli anayekandamiza usukani huibana chini zaidi, kwenye kiganja. Dawa ya kwanza ni kukinyoosha kiwiko. Usiku wanakizungushia taulo kiasi cha kukizuia kisikunjike, na mchana wanaacha kukiegemea.

Na neva ya alna ndiyo inayonilazimu kutaja ukoma. Najua watu wengi hudhani ni ugonjwa wa vitabuni. Haujaisha, Tanzania bado tunawapata wagonjwa wapya. Kijidudu chake, alichokigundua Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, hupenda neva zilizo karibu na ngozi, na ile ya nyuma ya kiwiko ni mojawapo: huvimba mpaka unaishika chini ya ngozi kama kamba. Kama kuna baka kwenye ngozi, jeupe kiasi au jekundu, lisilohisi ukiligusa kwa pamba, au mtu anaungua jikoni na kugundua kwa kuona malengelenge badala ya maumivu, aende kituo cha afya wiki hiyo. Dawa ni bure, zinamezwa miezi 6 au 12 kulingana na aina, na zikiwahi mkono hubaki mzima. Zikichelewa, vidole hujikunja na havikunjuki tena. Ndiyo maana nachukia kuona mtu mwenye baka anauziwa mafuta ya kuchua.

Shingo nitaigusa haraka. Neva za mkono zote hutoka kati ya pingili za shingo, na pingili zikisagika au kifuko cha katikati kikitokeza, ganzi hushuka mkononi pamoja na maumivu yanayotoka shingoni na begani, na huzidi ukigeuza kichwa. Fundi anayeinama juu ya cherehani anaweza kuwa na vyote viwili, shingo na kifundo. Cha kuogopwa ni kimoja: mikono yote miwili ikawa mizito kufunga vifungo, na miguu nayo ikaanza kukokota au mkojo ukagoma. Hapo uti wa mgongo wenyewe unabanwa, na hospitali ya rufaa haingoji mwisho wa mwezi.

Turudi kwako. Kuanzia leo usiku, vaa banzi, yaani kifaa cha kukizuia kifundo kisikunjike. Maduka makubwa ya dawa huuza la kitambaa lenye kipande cha chuma ndani. Ukinunua, hakikisha kifundo kimenyooka, si kupinda nyuma, maana mengine huja yamepindishwa na huongeza tatizo. Ukikosa, kata boksi gumu urefu wa kutoka katikati ya kiganja hadi katikati ya mkono wa chini, weka upande wa ndani, zungushia bendeji bila kukaza. Vidole viwe huru. Vaa kila usiku kwa wiki 6. Wiki ya kwanza utalala vibaya na utataka kuitupa. Vumilia.

Kazini, noa mkasi. Nasema kwa dhati: mkasi butu ni nusu ya ugonjwa wako. Kata ukiwa umesimama, meza ifikie usawa wa viwiko, na usikate siku nzima mfululizo. Kata kidogo, shona kidogo, pumzisha mikono. Kama una msaidizi, mpe pasi. Na kwa vile vidole vyako havihisi sawasawa, jihadhari na hiyo pasi hata ukiishika kwa dakika mbili.

Lakini kuna sentensi moja kwenye barua yako inayonizuia kusema banzi litatosha: mkasi unaniponyoka. Ganzi ya usiku peke yake ni neva iliyokasirika. Kuponyoka vitu ni neva inayoanza kuchoka. Weka viganja vyako mbele ya dirisha, ulinganishe ule mnofu wa chini ya kidole gumba, kulia na kushoto. Wa kulia ukiwa umebonyea, au ganzi ikiwa sasa inakaa mchana kutwa bila kuondoka, usimalize zile wiki 6. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, omba kuonana na daktari wa mifupa. Kutoka hapo anaweza kukupeleka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Kuna mambo mawili atakayoweza kukuambia. La kwanza ni sindano moja ya steroidi kwenye handaki, tofauti kabisa na zile za makalio. Hupunguza uvimbe na wengi hupata nafuu ya wiki au miezi, ingawa ganzi inaweza kurudi. Upimwe sukari kabla, kwa sababu kwa mwenye kisukari huipandisha siku kadhaa. La pili ni upasuaji mdogo: wanakufisha ganzi mkono tu, wanakata lile dari la handaki, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nyuzi hutolewa baada ya wiki 2 hivi, na mkasi mzito usubiri wiki kadhaa zaidi. Usingizi hurudi mapema. Mnofu uliokwisha kubonyea huenda usirudi, ndiyo sababu nakuharakisha. Watu wengi hukimbia kisu, nawaelewa, ila huu si ule wa kuachia wosia.

Ukienda usiseme "nina mishipa". Sema vidole vipi, saa ngapi, na kinachokuletea nafuu, kisha mpe mchoro wako.

Na huo mkono wa kushoto uliosema ni kidogo tu, uvishe banzi lake pia. Ugonjwa huu mara nyingi huwa wa pande mbili, unatangulia tu ule unaofanya kazi zaidi.